Ndoo ya Bluu Gazetini

Nani alikuwa anamwaga matumbo ya samaki nyuma ya kibanda changu cha kinyozi hapa Nyakato? Nilimshuku Mama Rehema, muuza samaki. Hata salamu zake nilianza kuzitilia mashaka.

Alfajiri moja nikamwona mwanamke kwa mgongo, kajitanda kanga, akimwaga ndoo pale pale. Nikamwandikia mhariri wa gazeti barua fupi yenye ushahidi: ndoo ya bluu, mfuniko mwekundu. Ikatoka! Nikawasomea wateja kwa sauti, nikimkazia macho Mama Rehema aliyekuwa akipita mlangoni.

Akacheka. “Baba Neema, kwani nyumbani wewe hushikagi ndoo?”

Kabla sijamjibu, mke wangu akatokea na ndoo ya bluu, mfuniko mwekundu.

“Jamani, nipisheni nikamwage hapo nyuma matumbo ya yule sato wa Baba Neema wa jana.”