Misumari Iliyoachwa Nje ya Ripoti

Niliajiriwa na taasisi moja ya utafiti wa sera hapa Birmingham kwa sababu ya Kiswahili changu. Walikuwa wanaandika ripoti kwa ajili ya serikali kuhusu makazi ya wakimbizi. Kazi yangu ilikuwa kwenda majumbani, kuuliza maswali, kurekodi na kutafsiri.

Nyumba ninayoikumbuka iko mtaa wa Sparkbrook, nyuma ya Ladypool Road. Alikaa humo mama mmoja kutoka Bukavu, Kongo, mjane, na bintiye wa miaka saba. Ukungu mweusi ulikuwa umeshuka kutoka darini hadi kwenye mto wa mtoto, ukinuka kama matambara yaliyooza. Mtoto alikohoa muda wote tulipozungumza.

"Huwa mnafungua dirisha?" nilimuuliza, maana swali lilikuwa kwenye fomu.

"Haifunguke," alisema. "Mwenye nyumba alipigaka misumari. Kila siku anasema atakuya, hakuye."

Nilitafsiri yote, nikaipiga picha misumari.

Siku ya uzinduzi tulikula sambusa za Stratford Road katika ukumbi wenye zulia. Nilifungua ukurasa wa makazi nikamkuta mama yule: mkazi mmoja alisema dirisha la chumba cha mtoto halifunguliwi. Basi. Chini yake wakapendekeza familia za wakimbizi zielimishwe namna ya kuingiza hewa nyumbani. Niliitema sambusa kwenye kitambaa cha karatasi.

Nikamfuata mkuu wetu, bwana mpole wa mtaa wa Moseley aliyependa kunitambulisha kwa wageni kama sauti ya jamii.

"Misumari imeenda wapi?"

"Hiyo ni nyumba moja tu," alisema. "Hatuwezi kujenga hoja juu ya nyumba moja."

"Mbona mmeijenga juu ya dirisha lake?"

Alitabasamu, akanishika bega. Wizara, alisema, inapenda mapendekezo yanayotekelezeka, na elimu inatekelezeka. Nilifika nyumbani bado nikihisi mkono wake begani, nikaoga.

Kesho yake nilimpelekea mama ile ripoti, nikamsomea jikoni kwake.

"Sasa watakuya kunifundisha kufungua dirisha?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye, uliwaambia nini?"

"Ulivyosema."

Sidhani aliniamini, na sikumlaumu.

Niliacha kazi wiki hiyo. Katika barua yangu niliomba wafute jina langu kwenye shukrani na maneno ya mama yule kwenye ukurasa wa makazi. Jina langu walilifuta siku hiyo hiyo. Maneno yake yalibaki. Walinijibu kwamba mkazi alikuwa ametia saini fomu ya idhini. Ni kweli, alitia. Hakujua kusoma Kiingereza, nami ndiye niliyemweleza kwamba fomu ile ni ya kumlinda, nikamwonyesha kwa kidole mahali pa kuandika jina.