Vitwitwi wa Ami Khalfani

Mlio wa kitwitwi, yule ndege mdogo wa pwani, ni mwembamba, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta. Juzi niliusikia nikiegesha gari kando ya hori la bahari, hapa mjini Sur, na njaa yote ikanitoka. Ngoja nikwambieni kwa nini.

Ami Khalfani, mdogo wake baba, alipelekwa Urusi kusomea udaktari. Kule akaacha masomo, akafuatana na watu wanaochunguza ndege, kila kiangazi akishinda kwenye vinamasi vya kaskazini kabisa, mahali jua halitui wala miti haioti. Akarudi kwetu na darubini tu, shahada hana.

"Hawa vitwitwi wa horini wamezaliwa kule," akitwambia sisi watoto. Huko alikuwa akilala kifudifudi topeni, mbu wakimla, aone mama ndege anavyomhadaa mbweha: hujiburura kama aliyevunjika bawa, mbweha amfuate yeye, makinda wasalimike. Ami akituigizia, anatambaa mkekani na kanzu yake, mkono mmoja unabururika, nasi mbavu hatuna kwa kucheka. Baba yupo nyuma ya gazeti, hainui uso.

"Tumekusomesha uwe tabibu," akimwambia mara kwa mara, "umerudi mchunga ndege."

Ijumaa moja, baada ya sala, sinia liliwekwa. Juu ya wali vimepangwa vindege vya kukaanga.

"Kware," alisema baba. "Karibu, Khalfani, anza wewe."

Ami akala, akamsifu mama kwa viungo vyake. Baba akangoja ameze. Kisha akaokota bawa dogo, akalining'iniza mbele ya uso wa ami.

"Vitwitwi wako hawa. Nimewaagiza vijana wa bandarini wawatege. Tazama, huyu bawa lake limevunjika kweli."

Binamu zangu wakaangua kicheko. Mimi nikawatazama wakubwa usoni, nijue kama ni mzaha.

"Wallahi umenambia kware!" Mama alisema, akimgeukia baba.

Ami alikuwa akilitazama lile bawa. "Si neno, shemegi," akasema. "Umepika vizuri." Akaendelea kula, tonge kwa tonge, mpaka wali wa mbele yake ukaisha, akainuka kunawa. Nikadhani hakuudhika.

Mwezi haukuisha akahamia Ibra kwa shangazi, ambako bahari hakuna.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba alikula kwa ajili ya mama, mama asijione kuwa ndiye aliyemuumiza. La baba lilinichukua muda zaidi. Miaka yote nilidhani hamsikilizi mdogo wake. Kumbe nyuma ya gazeti lile hakupitwa na neno. Alikuwa akitafuta pa kumchoma.

Idi iliyofuata chakula kile, ningali mtoto, nilimwendea ami Ibra, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba anihadithie kaskazini.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akinipapasa kichwa. "Nimesahau."