Ngitili Ndani ya Gemu

Nina gemu moja tu. Nimeicheza huu mwaka wa nne, na kiangazi kilichopita ilinionyesha jambo ambalo sikuwahi kuliona ndani yake. Naandika nikiwa bado na furaha ile, kwa hiyo msomaji anisamehe nikikimbia kidogo.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nimezunguka na baiskeli katika vijiji vya huku kwetu Bariadi zaidi ya miaka thelathini, nikifundisha wanaojiandaa kwa ubatizo na kuzika watu, wala sikuwahi kufikiri kwamba uzee wangu ungekuwa na gemu ndani yake. Niliipata kanisani. Kwetu, siku ya sikukuu ya mavuno, kila mtu huleta alichojaliwa: mahindi, mpunga, pamba, kuku. Baada ya ibada vitu hunadiwa hapo nje, na kinachopatikana ndiyo sadaka. Mwaka ule mwalimu mmoja wa sekondari, binti aliyekuwa amepata uhamisho, alileta mashine yake ya gemu, padi moja na sidii moja. Mnadishaji aliiinua ile mashine nyeusi, akaigeuza huku na huku, asijue aiite nini.

"Haya, hii hapa... hii ni ya umeme! Nani anaanza?"

Jogoo wa kabla yake aligombaniwa mpaka watu wakasimama, lakini sadaka ya yule binti haikuwa na mtu. Nilimwona anatazama chini. Nikanyoosha mkono ili tu asiaibike.

"Mwinjilisti!" mzee mwenzangu akanipigia kelele kutoka nyuma. "Hiyo haitagi wala haiimbi, utaifanyia nini?"

"Nitaibatiza," nikajibu.

Watu walicheka sana, nami nikaondoka nayo. Yule binti, Mungu ambariki alipo, alikuja nyumbani jioni mbili kunifundisha kabla hajahama. Gemu yenyewe ni ya shamba. Una nyumba, kilima, mto, duka la vijijini huko kwa wazungu, na mtu mmoja mwenye kofia ambaye unamtembeza kwa padi. Unalima, unapanda, unakamua, unauza. Vidole gumba vyangu vilizoea jembe na mpini wa baiskeli. Ilinichukua wiki tatu kumpitisha yule mtu getini bila kugonga nguzo. Nilipofaulu nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Karibu na stendi pana banda la gemu ambako vijana hucheza mpira wa kwenye skrini. Nikipita hunitania.

"Mzee, bado uko na lile shamba? Limeshachuja hilo!"

"Na ile mpya ya mwezi uliopita mmeimaliza?"

"Aa, ile tumeshaiacha, imetoka nyingine."

Hapo ndipo ninapotofautiana nao, na sitachoka kulisema. Wao huionja gemu kama mtu anayepita sokoni akichovya kidole kwenye kila ndoo ya asali, kisha anarudi nyumbani na njaa. Utamu wa gemu haumo kwenye upya wake. Umo katika kukaa nayo. Mimi nimesoma kila kibao kilichoandikwa mle ndani, kamusi ya Kiingereza ikiwa pajani. Mwaka mmoja nilifunga kwenda dukani, nikaishi kwa nilichovuna tu, na shamba nililodhani nalijua likawa geni kabisa. Mwaka mwingine nilikataa kupanda farasi, nikatembea kwa miguu kila mahali, nikagundua kisima nyuma ya kilima ambacho sikuwa nimekiona kwa miezi kumi na minane! Gemu ile ile, sidii ile ile iliyokwaruzika. Tena huwa nawasha saa kumi alasiri na kuzima saa kumi na mbili kwa ajili ya maombi ya jioni, hata kama ng'ombe anazaa. Ninaacha ningali na hamu. Hiyo hamu ndiyo inayonifanya kesho yake niione kama mgeni.

Kitu kimoja nilikuwa sina: mtu wa kukaa naye mbele ya skrini. Mke wangu huitazama mashine ile kama anavyomtazama mgeni aliyezidisha siku.

Basi kiangazi kile akaja shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mfugaji wa kule Mkula. Ukame wa mwaka uliotangulia ulimkuta na ng'ombe zaidi ya sitini, akakataa kuuza hata mmoja, wakabaki sita. Hao sita aliwaacha kwa ndugu yake, akaja na mfuko mmoja, akasema amekuja kutusalimia. Akakaa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asubuhi alibeba kiti hadi ukutani, akatazama barabara mpaka jua lizame.

"Shemeji, chakula tayari."

"Sawa."

"Twende basi ibadani."

"Sawa," na hasimami.

Mke wangu alinivuta chumbani. "Mzee, huyu ananitisha. Baba yetu alianza kukaa hivi hivi ng'ombe wake walipoisha. Hakuinuka tena. Tulimzika mwaka ule ule."

Tulimwombea kila siku. Sikuwa na dawa nyingine, na nakiri kwamba gemu haikunijia akilini hata kidogo.

Alasiri moja upepo wa vumbi ulimtoa nje, akaingia sebuleni nilipokuwa nimeshawasha. Ng'ombe wangu walikuwa wanatoka zizini. Nikasikia sauti nyuma yangu:

"Huyo mwekundu anachechemea."

Lilikuwa neno lake la kwanza ambalo hakuna aliyemwomba. Nikatazama. Kweli, mguu wa nyuma, kidogo sana. Miaka mitatu na zaidi nilikuwa nikimkamua ng'ombe yule bila kujua kwamba waliotengeneza gemu walimpa ulemavu!

"Umeonaje shemeji?"

"Nina macho," akasema, akavuta kigoda.

Kufikia wiki iliyofuata padi ilikuwa mkononi mwake, mimi nikiwa karani wa kumsomea maandishi. Aliwapa ng'ombe wote majina ya Kisukuma kwa rangi zao. Alinidharau kwa namna nilivyojenga zizi. Nilifurahi kutukanwa! Lakini baridi ya huko kwa wazungu ilikuwa inakaribia, na ninajua wakati huo nyasi hupotea. Kila mwaka mimi huuza ng'ombe wawili watatu, ninanunua majani makavu dukani.

"Uza wawili, shemeji," nikamwambia.

"Siuzi."

"Theluji inakuja. Watakufa."

"Mwinjilisti, wewe hubiri. Ng'ombe niachie mimi."

Theluji ikaanguka. Shemeji akasogeza kigoda karibu na skrini. "Kumbe na wao wana kiangazi," akasema, "ila ni cheupe." Kisha ng'ombe wakaanza kuanguka, mmoja mmoja, na kila mmoja alipoanguka maandishi yalitokea kutujulisha, nami nikawa siyasomi tena. Alipoanguka wa mwisho aliweka padi juu ya mkeka polepole, kama anaweka yai, akatoka akarudi kwenye kiti chake ukutani.

Mke wangu aliniwekea chakula akanigeuzia mgongo. Alikuwa na haki. Nilimchukua mtu mwenye jeraha nikamrudisha pale pale alipoumia, tena kwa mchezo. Niliomba msamaha kwa Mungu, nikaamua ile mashine nitaifungia kabatini.

Kesho yake, hata saa kumi haijafika, nikamkuta amekaa mbele ya skrini iliyozimwa.

"Washa."

"Shemeji, tuiache hii kitu."

"Washa, nimesema. Turudi mwanzo wa mwaka, si ulisema gemu inakubali kurudi? Pale ng'ambo ya mto pana nini?"

"Nyasi tu. Huwa nazikata nauza."

"Usikate. Funga lile geti la darajani. Asivuke ng'ombe hata mmoja mpaka hiyo nyeupe ije."

Nikamgeukia. "Ngitili?"

"Ngitili."

Wafugaji wetu wa huku huitenga sehemu ya malisho wakati wa mvua, na kuifunga kabisa, ili kiangazi kikikaza ng'ombe wapate kitu cha kula. Ndiyo ngitili. Nimezaliwa nayo, nimeihubiri hata kanisani nilipofundisha juu ya uvumilivu, na sikuwahi kuwaza kuiweka ndani ya gemu. Duka liliniambia ninunue majani, nikaliamini duka.

Akasema tena, bila kunitazama: "Ya kwangu niliilima pamba. Bei ilikuwa nzuri."

Nimesikiliza toba nyingi maishani. Hiyo nayo ilikuwa mojawapo. Nilichukua padi, nikafunga geti.

Tulicheza siku tano, tukisubiri. Nilikuwa na wasiwasi kama mwanafunzi wa darasa la saba anayengoja matokeo. Waliotengeneza gemu hii hawajawahi kufika Simiyu, walijuaje ngitili? Ikiwa mashine inafuta nyasi zote siku theluji inapoanguka, ng'ombe wa mtu huyu watakuwa wamekufa mara ya tatu. Siku ya tano ikaanguka. Nyasi fupi za upande wetu zilitoweka papo hapo. Shemeji akamtembeza yule mtu mwenye kofia hadi darajani, na ng'ambo ya mto zilikuwa zimesimama, zimekauka rangi ya udongo, vichwa vyake viko juu ya ule weupe!

Akafungua geti. Mwekundu akavuka kwanza, akichechemea, akainamisha kichwa.

"Anakula," akasema shemeji.

"Anakula!"

"Anakula, ngosha! Anakula!" akaniita kwa Kisukuma, kama mwanamume amwitavyo mwenzake.

Tulipiga kelele hata mke wangu akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Nyoka? Yuko wapi?"

"Ng'ombe wanakula!" nikamjibu, na hakunisikiliza, kwa sababu alikuwa anamtazama mdogo wake amesimama katikati ya sebule, akiielekezea skrini kidole na kugomba: "Wewe mweusi, rudi nyuma! Mwachie ndama nafasi!" Mke wangu akakaa chini pale pale mlangoni, akacheka huku anafuta macho kwa kanga.

Miaka yote ile nilikuwa nanunua majani. Jambo lile lilikuwemo ndani ya sidii tangu siku ya mnada, halikuandikwa popote, na kama ningewasikiliza vijana wa banda nikaibadilisha gemu mwaka wa pili, ningekufa bila kulijua. Kwa hiyo sasa nikiulizwa gemu nzuri ni ipi, nasema ni ile ambayo mtu mwingine akikaa nayo anaona usichokiona, na ambayo ukishindwa inakuruhusu kurudi mwanzo wa mwaka ukiwa na akili zaidi. Hiyo ya pili ni neema, na si kila mahali inapatikana.

Weupe ulipoyeyuka ng'ombe wote kumi na wanne walikuwa hai. Nilidhani atataka tuendelee. Akanipa padi.

"Shemeji, basi la Lamadi linapita saa ngapi asubuhi?"

"Kuna la saa kumi na mbili."

"Nyuma ya boma langu kule Mkula kuna eneo halijalimwa bado. Mvua zikinikuta hapa, ndugu yangu atalitia pamba."

Alipiga simu juzi. Alisema amefunga pande tatu za eneo lile kwa miiba, upande wa nne anagombana na jirani anayetaka njia ya baiskeli ipite katikati, na wale sita amewakataza kulisogelea. Alieleza aina ya miiba, akaeleza umbali wa kila nguzo, akarudia ugomvi wa jirani tangu mwanzo. Mke wangu alisimama kando akinyoosha mkono apewe simu, na zamu yake ilichelewa sana.