Mume Wangu Hana Mvi

Jamaldini alitengeneza cherehani sokoni Dodoma kwa miaka thelathini na moja. Mwaka juzi alifunga kibanda, akabaki nyumbani Miyuji kumwangalia mkewe, Mwanamvua. Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau, hauponi. Akaandika vidonge vya usingizi, akaita mgonjwa mwingine.

Kuoga ndiko kulikuwa na kazi. Mwanamvua alizaliwa Kondoa, akalelewa kwa staha. Sasa kila Jamaldini akisogea na ndoo, anajifunika kanga hadi usoni.

"We mwanamume, toka! Mume wangu akikukuta humu, utamjua."

"Mume wako ndiye mimi, mama Khalidi."

"Mume wangu hana mvi."

Basi zinapita siku nne, tano, hajagusa maji.

Geti alilitia kufuli tangu siku alipomkuta peku kwenye barabara ya Arusha, akiwauliza madereva njia ya kwao. Kufuli likawafunga wote wawili. Jamaldini hakuonekana tena msikitini wala mazikoni. Majirani walisema mkewe karogwa. Mwanawe Khalidi, aliyeko Mtera, alipiga simu: "Vumilia, baba." Akavumilia mpaka akajikuta siku moja amemkaripia Mwanamvua hadi akalia, Jamaldini akaenda kukaa chooni, maana hapakuwa na pengine pa kwenda.

Ulipoitishwa mkutano wa mtaa, alimshika mkewe mkono wakaenda. Ajenda ilikuwa taka na maji. Akanyoosha kidole.

"Mjamzito ana kliniki. Mtoto ana kliniki. Huyu ana nini? Na mimi ninayemuuguza? Naomba zahanati yetu ipate mtu aliyefundishwa ugonjwa huu. Na nipate wanawake wa kumwogesha, maana mimi hanitaki."

Watu wakacheka. Mwanamvua naye akacheka, bila kujua wanacheka nini.

"Mzee wangu," alisema mwenyekiti, Matonya, "hayo ni mambo ya ndani ya nyumba."

"Humo ndani ndimo ninamofia, mwenyekiti."

Kicheko kikakatika. Mama mmoja wa nyuma akasimama, akasema yeye akienda shamba humfunga mama yake mguu kwa kamba. Hakumaliza. Alikaa akijifuta macho kwa mtandio.

Barua iliandikwa kwenda kata. Huu ni mwezi wa tano tangu ipelekwe, haijajibiwa. Jamaldini huifuatilia, yeye na mkewe mkononi, na kila mara huambiwa inashughulikiwa.

Anastazia, mhudumu wa afya wa mtaa, hakungoja barua. Kila Ijumaa huja na dada yake, wakamwogesha Mwanamvua, naye hawakatai. Jamaldini hupata saa moja na nusu. Huenda msikitini kuswali. Wakitoka, wenzake humshika bega: "Kaa kidogo, bwana, tumekukosa siku nyingi."

Hawezi. Saa nane na nusu Anastazia ana nyumba nyingine ya kwenda. Jamaldini huvaa kiatu kimoja mlangoni, cha pili akiwa njiani.