Blanketi mbele ya spika ya pikipiki yangu, Kashikishi miaka ya sabini

Wakuu, salaam. Nimeona vijana humu mnaulizana namna ya kulainisha sauti ya spika za pikipiki.

Mimi ni mzee wa Nchelenge, Zambia. Naandika kama ilivyotokea, hata pale panaponiaibisha.

Miaka ile nilikuwa na pikipiki yenye spika kwenye carrier, ndani ya box la mbao. Nilizunguka Kashikishi, mji wetu wa ziwani, nikitangaza samaki waliofika. Upepo wa ziwa ukibadilika, nilikimbia ufukweni kuwaita wavuvi warudi. Kwa kazi hiyo walinijazia petroli.

Jumamosi nilipiga muziki sokoni. Hapo ndipo Mama Feza, mfanyabiashara kutoka Congo, ng'ambo ya ziwa, aliponicheka mbele ya watu:

"Papa, ile kitu yako inalia sawa mbuzi! Tutacheza je?"

Nikafungua box. Ndani nikaweka baffles, yaani vigawanyo vya plywood, na kuta nikazipigilia blanketi kuukuu. Mtetemo ukaisha, bass ikaja.

Ningeishia hapo, wakuu. Lakini nilitaka sifa.

Kipande cha blanketi kilichobaki nikakitumia kufunika mbele ya spika, ili ule ukali wa sauti ufe kabisa.

Jumamosi iliyofuata watu walicheza hasa. Mama Feza akapiga kelele, "Sasa mbuzi umechinja, papa!" Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa.

Siku chache baadaye upepo ukageuka ghafla. Chanda, kaka wa mke wangu, alikuwa majini.

Nilikwenda na kurudi ufukweni nikiita kwenye microphone mpaka koo likakauka. Akina mama waliokuwa wakianika samaki karibu yangu walinisikia, wakasimama. Mitumbwi haikugeuka.

Chanda aliletwa jioni na mtumbwi wa watu wengine. Wake ulikuwa umepinduka, nyavu zote zimekwenda. Alikaa mchangani anatetemeka.

"Tulikuona, mulamu," aliniambia. Ndivyo tunavyoitana mashemeji huku. "Tulikupungia mukono. Tulizani unapiga muziki."

Nikamweleza habari ya blanketi. Nilitegemea matusi.

Aliuliza tu, "Ni kavu?"

Nikaling'oa kwenye spika, nikamfunika mabegani.

Bila nyavu, Chanda alikwenda kutafuta kazi migodini Copperbelt. Hakuvua tena. Mke wangu hakunilaumu, ila kila upepo ulipovuma alitoka mlangoni kutazama ziwa, nami nilijua anamuwaza nani.

Kwa hiyo vijana: damping, yaani blanketi la kulainisha sauti, iwe nyuma ya spika na kwenye kuta za box. Mbele acheni wazi. Ule ukali unaowakera ndio unaobeba maneno mbali. Na ukimaliza kutengeneza, mwachie mwenzako microphone, wewe nenda ukasimame pale atakapokuwa yule unayemwita. Mimi nilisikiliza nikiwa nimekaa juu ya pikipiki.

Nyinyi spika zenu mnazijaribu mkiwa umbali gani? Andikeni, nitasoma yote, ingawa taratibu kwa macho haya.