Kinywa cha Kukodi

Mtaani walimwita Spika, na jina likamkaa. Kila mgeni aliyekuja kuwauliza watu maisha yao, sauti yake ilipitia kwake: wa maji, wa chanjo, wa mikopo, na sasa huyu mama mwenye miwani ya kamba ambaye watu walimwita Daktari. Mwanzoni wazee walimletea magoti yao ayatazame. Spika akawa na kazi ya kueleza kwamba huyu si daktari wa magoti, anatafiti maisha ya watu ambao ndugu zao wamekwenda kufanya kazi ng'ambo, wao wakabaki. Ni daktari wa maneno.

"Kwani maneno yanaumwa nini?" akauliza mzee mmoja, akateremsha mguu wa suruali, akaenda zake.

Ukalimani una sheria yake. Mkalimani hasemi, "Anasema mume wake ameondoka." Anasema, "Mume wangu ameondoka." Akihojiwa mjane, Spika naye ni mjane, akihojiwa mama wa watoto sita, Spika ana watoto sita, na kwao hana hata mmoja. Kuna siku aliolewa asubuhi na kuachwa kabla ya chakula cha mchana. Kazi yenyewe aliipenda, tusimsingizie. Aliipenda hasa kwa sababu Daktari alikuwa akimtazama yeye usoni wakati wa kusikiliza, kana kwamba maisha yale yote yalikuwa yake kweli.

Kisha akaingia wifi, mke wa kaka yake, fundi cherehani. Chumba chake kilipakana na cha Spika na mama yake, ukuta mmoja. Kaka mwenyewe alikuwa ng'ambo mwaka wa nne huo. Spika ndiye aliyempeleka Daktari pale kwa mkono wake mwenyewe, na mchimba kisima, wanasema, huingia mwenyewe. Daktari alipookota Kiswahili kidogo, cha kuamkia na kukataa sukari, akaanza kwenda bila kusindikizwa. Alasiri moja Spika anatoka kuchota maji, anakuta viatu vya Daktari mlangoni kwa wifi, vimekaa kiwenyeji, kimoja juu ya kingine. Roho ilimuuma pale pale.

"Jana ulikuwa kwa wifi?" akamuuliza kesho yake, sauti ameilainisha.

"Ndiyo. Tulicheka tu."

Tulicheka tu! Yeye alikuwa amezunguka na mama huyu juani misimu miwili, amemkinga na mbwa na wanasiasa, na hawajawahi kucheka tu. Akajikaza kisabuni, kisha likamtoka: "Na mimi je, mbona hujawahi kunihoji?"

Daktari akavua miwani. "Wewe ni mwenzangu wa kazi. Nikikuuliza mambo ya ndani, utaona huwezi kunikatalia. Maadili hayaruhusu."

Spika akatabasamu. Maadili alikuwa akiyajua, ndiye aliyekuwa akiyatafsiri kila mlango: una haki ya kukataa, una haki ya kunyamaza. Haki ya kuulizwa haikutajwa popote.

Na mambo ya kusema alikuwa nayo. Nafasi ya kwenda ng'ambo ilikuwa yake. Chuo cha uuguzi cha huko kilikuwa kimeshamkubali, begi limeshafungwa, ndipo mama alipoteleza bafuni akavunjika nyonga. Wakubwa wakakaa, wakasema mtoto wa kike ndiye wa kumshika mama, na kaka yake, aliyekuwa hana hata wazo la safari, ndiye akasafiri kwa nauli ile, kwenda kutafuta kazi. Tangu hapo kila Jumapili Spika humwogesha mama, humchana nywele na kumkalisha karibu na simu. Mwana hupiga, huongea kidogo, hukata. Mama hubaki ameikumbatia simu, uso umenawiri. "Mwanangu ananijali," husema. Kisha humgeukia Spika: "Hebu niinue."

Siku ya mahojiano ya wifi, Daktari aliweka kinasa sauti mezani kati ya vipande vya kitambaa. Wifi akakifunika kwa kiganja. "Hicho hapana." Kikazimwa, kikarudi mkobani. Kwa hiyo yatakayosemwa hayatakuwa na mahali pengine pa kukaa ila kinywani mwa Spika.

"Kabla sijaanza," wifi akamwambia, "leo umekuja kama wifi yangu au kama mkalimani?"

"Mkalimani. Nikivuka kizingiti nimesahau."

Wifi akasukuma cherehani pembeni. "Mume wangu anarudi mwisho wa mwaka. Kila nikipita napongezwa. Mimi sitaki arudi. Alipokuwa hapa alikuwa ananipiga. Sasa hivi ndiyo nimejifunza kulala bila kusikilizia mlango. Sina wa kumwambia, kwenu siwezi na kwetu watanirudisha. Mwambie huyu. Nataka mtu mmoja tu ajue."

Spika akafungua kinywa. Mtu atadhani alitaka kumsitiri kaka yake. La. Kaka alishamchosha zamani, na kupitia ukuta ule alikuwa amesikia ya kutosha, akawa anaongeza sauti ya redio. Kilichomponza ni jinsi Daktari alivyokuwa ameinama kuelekea kwa wifi. Hata hajajua lililosemwa, macho yamekwisha kulowa. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuinama hivyo kumwelekea Spika. Wivu ukampanda mpaka kooni, na maneno yaliyotoka, kwa lugha ya Daktari, yakawa haya:

"Nafasi ya kwenda ng'ambo ilikuwa yangu. Begi lilikuwa limefungwa. Nikaambiwa nibaki na mama, akaenda mwanamume. Mimi ndiye ninayemwogesha, lakini anayesubiriwa ni yeye. Sijawahi kuulizwa kama nilitaka kubaki."

Alisema kwa "mimi", kama sheria ya kazi inavyotaka. Hakuna siku aliyowahi kutafsiri vizuri kuliko hiyo.

Daktari akalia. Na akishalia, akanyoosha mkono, akashika mkono wa nani? Wa wifi. Spika alikaa pale na machozi aliyoyapata kwa jasho lake, akiyaona yanakwenda kwa mwingine. Mbaya zaidi, wifi naye akaamini yamemwagwa kwa ajili yake. Tangu siku hiyo alinyoosha mgongo, hata akaanza kuimba akishona. Spika aliusikia wimbo huo kupitia ukuta na kuuchukia, kisha akajichukia yeye mwenyewe.

Daktari alikuwa na desturi moja kabla ya kurudi kwao: humwendea kila aliyemhoji, akamsimulia upya alichoelewa, ili mwenyewe akubali au akatae. Kwa wengine alimtumia Spika. "Lakini kwa wifi yako nitasema mwenyewe," akatangaza. "Nimefanya mazoezi."

"Kiswahili chako bado kinachechemea," Spika akasema haraka.

"Kikichechemea, utakishika mkono."

Wakakaa vilevile kama siku ile. Daktari akakohoa kidogo, akaanza, polepole, kama mtoto anayekariri mbele ya darasa. "Nafasi ilikuwa yako. Begi imefungwa. Umeambiwa baki na mama. Wewe unaogesha, lakini anasubiriwa yeye."

Wifi alianza kwa kutabasamu, akidhani mgeni amekosea maneno. Kisha tabasamu likakauka. Akamtazama Spika, na Spika akatazama sakafu. Siri ya mtungi iulize kata. Mke aliyekaa nao ukuta mmoja miaka yote hiyo hakuhitaji kuambiwa ni nani anayemwogesha mama.

"Ni sawa?" Daktari akauliza. "Ni maneno ya kweli?"

Spika akasubiri afukuzwe kazi.

"Ni ya kweli," wifi akasema taratibu. "Kila neno."

Daktari akainuka akamkumbatia. Spika, pamoja na hofu yake yote, bado aliona uchungu: kumbatio lile lilikuwa lake, na hata sasa lilikuwa linampita. Wifi akamtazama juu ya bega la mgeni, macho makavu kabisa, akasema harakaharaka kwa sauti ya chini:

"Nimekusitiri. Lakini siku ile na mimi nilisema yangu. Uliyapeleka wapi?"

Daktari akajitoa, akacheka kidogo kwa aibu. "Amesema haraka, sikushika." Akamgeukia Spika na kumtazama usoni, kama zamani. "Amesema nini?"

Upande wa pili wa ukuta mama alikuwa anaita, Spika aje amwinue. Spika akatafsiri neno kwa neno, kwa "mimi" na kwa "wewe", bila kupunguza: "Nimekusitiri. Lakini siku ile na mimi nilisema yangu. Uliyapeleka wapi?"