Taa Iliyowashwa Mara Moja

Tangu asubuhi Mama Mistari alikuwa akikaa, akiinuka, akichungulia dirishani kama anayengoja mgeni. Jina hilo alibandikwa na wenzake, maana miaka kumi na moja kazi yake ilikuwa moja: kupima mistari myeusi katika mwanga wa nyota uliochambuliwa rangi kwa rangi.

Nyota yake safari hii ilikuwa ndogo, ya moto kupindukia, iliyovuliwa koti lake la nje la gesi. Nani kalivua? Nyota mwenza, isiyoonekana. Mistari ilisogea kwenye wekundu, ikarudi kwenye buluu: nyota ilikuwa ikienda na kurudi, kama mtu anayevutwa mkono. Juma lililopita Mama Mistari akatangaza: mwenza yupo. Leo saa sita mchana mkuu wa kituo angeituma ripoti ulimwenguni.

Na leo, mswaki ukiwa mdomoni, ndipo alipoikumbuka taa.

“Fundi,” alimwuliza mtunza darubini, “taa ya kipimo uliwasha mara ngapi?”

“Mara moja, dada, mwanzoni. Si ulisema inatosha?”

Kweli alisema. Taa ile, ambayo mistari yake hujulikana mahali pake, ndiyo rula yao, na chombo kinachoning’inia kwenye darubini hujipinda kiasi cha unywele kila inapoinama. Rula ikicheza, nyota nayo itaonekana inacheza.

Fundi akaangua kicheko. “Umemwoza binti wa watu, bwana harusi hajaonekana!”

“Usinichekeshe, roho iko juu.”

Njia ya kujua ilikuwa moja. Hewa ya juu nayo hung’aa kidogo na kuacha mstari wa kijani katika kila picha. Hewa haina mwenza; mstari wake hauna pa kwenda. Akaupima. Picha ya kwanza, umetulia. Ya nne, umesogea. Ya saba, umesogea zaidi. Alipoutoa msogeo huo kwenye ule wa nyota, kilichobaki kilikuwa kidogo mno, cha kubishaniwa.

Heri kujikwaa dole kuliko ulimi. Na yeye ulimi ulishajikwaa. Akapanda ngazi mbili mbili.

“Mkuu, usitume!”

“Zimebaki dakika tisa, mama. Nani mwingine ameliona hilo kosa?”

“Hakuna. Mimi tu.”

Mkuu akaifunga ripoti. “Sasa unataka nini?”

“Darubini tena, na taa kila baada ya picha.”

“Foleni ni miezi mitano.”

Alishuka, miguu haimtulii. Fundi akamsogezea kiti.

“Kaa basi, dada.”

“Nitakaa siku ya harusi.”